Tawi ndani ya tawi: mlonge, koliflawa na njia ya zamani ya misafara

SEHEMU YA 1

Leo siandiki kuhusu chanjo wala uji wa lishe. Leo naandika historia. Ila msikimbie, maana tutapita jikoni, tutapita saluni, na tutafika mpaka ndani ya mapafu ya mtoto wako.

Kama una mlonge nyumbani au kwa jirani, kachume jani moja zima. Sio kile kijani kidogo cha mviringo, nasema jani zima, lile lenye mkono mrefu unaoanzia kwenye tawi. Lilaze mezani. Katikati utaona kijiti kikuu, na pembeni yake vijiti vidogo vimetoka kulia na kushoto. Kata kijiti kimoja cha pembeni ukiweke peke yake. Kinafanana na jani zima, kimepungua ukubwa tu, na chenyewe kina vijiti vyake vya pembeni. Kata kimojawapo. Umbo ni lile lile tena, dogo zaidi, na hapo ndipo unakutana na vile vijani tunavyokausha na kusaga unga. Ngazi 3, umbo moja.

Umbo la namna hii, ambalo kipande chake kinafanana na kizima chake, wana hesabu wanaliita fraktali. Jina lenyewe ni la juzi tu. Limetungwa mwaka 1975 na Benoit Mandelbrot, mtu aliyezaliwa Warsaw, akakulia Ufaransa na kufanya kazi Marekani. Jani la mlonge lenyewe halikumsubiri.

Fraktali ya kwenye hesabu haina mwisho: unaikuza, unaikuza, na bado unaliona umbo lile lile. Ya shambani ina mwisho. Mlonge unakomea ngazi ya 3, na ukiendelea kukata unabaki na rojo la kijani kwenye vidole. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu mitandaoni wanaeleza mambo haya kama miujiza. Hapa hakuna muujiza, kuna kanuni ndogo inayorudiwa. Nataka niwaonyeshe kanuni hiyo ilivyokuja kujulikana, na kwa nini mimi nesi inanihusu.

SEHEMU YA 2

Kwa nini Tabora? Kwa sababu nyingi ya mboga tunazoziita za kienyeji zilifika huku kwa miguu.

Mlenda na mgagani tulikuwa nazo. Lakini muhogo (na kisamvu chake), viazi vitamu (na matembele yake), mahindi, nyanya, pilipili na papai vyote asili yake ni bara la Amerika. Maembe, biringanya na choroko ni vya Asia. Mlonge wenyewe ni wa kaskazini ya India. Vilivuka bahari kwanza, halafu vikaingia bara mkononi na kichwani mwa watu.

Njia kuu ilianzia pwani, Bagamoyo na jirani zake, ikapita Mpwapwa, ikavuka Ugogo penye shida ya maji, ikafika Unyanyembe, yaani hapa kwetu, kisha ikaendelea Ujiji ziwani. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka pwani na kuingia Kazeh tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Kazeh ndiyo leo iko ndani ya mji wa Tabora. Hawakugundua njia yoyote, jamani. Walifuata njia ya Wanyamwezi, ambao walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga kabla Mzungu yeyote hajapita. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila 2, zaidi ya kilo 30, begani au kichwani. Wanawake nao walikuwamo kwenye misafara, na vyungu, na chakula, na watoto mgongoni. Hao vitabu vya wasafiri vinawataja kwa haraka haraka tu, lakini walikuwamo.

Mwaka 1871 mwezi wa 6 akafika Henry Stanley, akimtafuta Livingstone. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti, jicho lake halikuacha kitu, na katika kitabu chake ameorodhesha kilichokuwa kwenye bustani za Waarabu wa Unyanyembe. Kuzunguka matembe yao walilima ngano kidogo kwa matumizi yao, na walipanda machungwa, malimao, mapapai na maembe. Kwa wakubwa wao ungeweza kupata vitunguu, saumu, pilipili, matango, nyanya na biringanya. Choroko, mchele, viazi vitamu, muhogo na mahindi vilikuwa vya kawaida na bei rahisi.

Isomeni orodha hiyo polepole. Ukiondoa ngano, ni sinia la chakula cha leo jioni nyumbani kwako.

Nani alilima bustani hizo? Watumwa, kwa sehemu kubwa. Njia hiyo hiyo iliyotuletea nyanya iliondoka na watu wamefungwa minyororo, wanawake na watoto wengi wakiwamo. Ndiyo maana tangu 2006 njia hii ipo kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, ikitajwa wazi kama njia ya watumwa na pembe za ndovu, na Kwihara yetu imo. Mkienda na watoto kwenye tembe la Kwihara, pale Stanley na Livingstone walipokaa mwaka 1872, msiwaonyeshe vitu vya Wazungu peke yake. Waambieni pia nani alichota maji ya kumwagilia.

SEHEMU YA 3

Kati ya Burton na Stanley alipita mtu mwingine, naye ndiye anayetuingiza kwenye habari ya picha. James Grant, mwanajeshi kutoka Scotland, alifika Kazeh mwanzoni mwa 1861 akiwa na Speke kwenye safari yake ya pili. Grant alikuwa na tabia moja njema: kila alipokaa alichora, na alikusanya mimea akaikausha. Mimea hiyo ilipelekwa Uingereza, wataalamu wakaichambua, na matokeo yakachapwa London miaka ya 1870 pamoja na michoro. (Nesi hawezi kuacha kutaja: huko mbele, Karagwe, mguu wake uliugua vibaya, Speke akamwacha akaendelea Buganda. Kidonda cha mguu si kitu cha kudharau.)

Sasa fikiria kazi ya mchoraji wa mimea wa zamani. Jani la mlonge lina vijani zaidi ya mia. Ukitaka kulichora unachora kijani cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka mkono uchoke. Mchoro unasema jani linaonekanaje. Hausemi lilijengwaje. Ukimpa mtu mchoro ule hawezi kukuotesha jani la pili.

Kwa karibu miaka mia baada ya Grant hali ilibaki hivyo. Kilichobadilisha mambo ni watu walioacha kuuliza "linaonekanaje" wakauliza "maagizo yake ni yapi".

Wa kwanza wa kumkumbuka ni Aristid Lindenmayer, mtaalamu wa viumbe hai mzaliwa wa Hungaria, ambaye baadaye alifundisha Utrecht, Uholanzi. Mwaka 1968 alikuwa anatafuta namna ya kueleza jinsi mimea midogo sana ya nyuzinyuzi, kama mwani, inavyogawanya chembe zake. Akaandika kanuni mbili tu. Chembe kubwa hugawanyika ikawa kubwa moja na ndogo moja. Chembe ndogo hukua ikawa kubwa. Basi. Rudia kanuni hizo kwa chembe zote kwa pamoja, halafu rudia tena, na uzi unakua wenyewe. Hakuwa na nia ya kuchora picha nzuri. Lakini watu wa kompyuta walipoona kanuni zake waligundua kwamba ukibadilisha maneno kidogo, ukasema "chora kijiti, kwenye kila kifundo ota kijiti kifupi kulia na kingine kushoto, rudia", kompyuta inakuotesha jani kwenye kioo. Mara 3 na una kitu ambacho bibi yako angekiita mlonge bila kuuliza. Badilisha pembe ya kijiti, unapata kama jani la giligilani. Badilisha urefu, ni kama karoti. Lindenmayer na mwenzake Przemyslaw Prusinkiewicz waliandika kitabu kizima cha mimea ya namna hiyo, kikatoka 1990. Lindenmayer hakukiona, alifariki mwaka mmoja kabla.

Mandelbrot yeye alianzia kwenye ramani. Mwaka 1967 aliuliza swali linaloonekana la kitoto: pwani ya Uingereza ina urefu gani? Jibu lake ni kwamba inategemea unapima kwa hatua gani. Chukua pwani yetu ya Bagamoyo. Ukiipima kwa hatua ndefu za pagazi, unaruka vijighuba. Ukiipima kwa hatua za mtoto wa miaka 3, unaingia kila kona, na urefu unaongezeka. Ukimpa siafu aipime, inazidi tena. Kwenye mstari ulionyooka hilo halitokei. Mandelbrot alifanya kazi kwenye kampuni ya kompyuta ya IBM, kwa hiyo alikuwa na mashine za kumchorea alichokuwa akikiwaza, na kuanzia hapo picha za fraktali zikaanza kuzagaa duniani.

Mmoja wa waliosoma kitabu chake alikuwa Loren Carpenter, aliyekuwa kwenye kampuni ya ndege ya Boeing. Mwaka 1980 alitengeneza filamu fupi sana, ndege inapita katikati ya milima ambayo haipo popote. Milima yote ilitokana na kanuni ile ile: chukua pembetatu, ivunje ziwe ndogo, zisogeze kidogo, vunja tena. Carpenter baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Pixar. Kwa hiyo mwanao anapoangalia katuni, na nyuma ya yule mnyama anayeongea kuna msitu wenye majani milioni, jueni hakuna mtu aliyekaa akachora majani milioni. Mtu aliandika maagizo mafupi, mashine ikarudia.

SEHEMU YA 4

Koliflawa haimo kwenye orodha ya Stanley. Siku hizi sokoni inapatikana, ghali kidogo, na watoto wengi wanaikataa kwa sababu inanuka ikichemshwa kupita kiasi (iwekeni kwenye mafuta kidogo na kitunguu, dakika chache tu). Ukiishika, imega ua moja dogo uliangalie. Ni koliflawa nzima kwa udogo. Limege na lenyewe. Tena.

Kuna ndugu yake wa Italia anaitwa romanesco, wa kijani, ambaye kila kichomozo chake ni pia iliyochongoka, na juu ya kila pia kuna pia nyingine zimepangwa kwa kuzunguka kama ngazi. Sokoni kwetu sijaiona. Itafuteni picha yake mwonyeshe watoto, watadhani ni kitu cha plastiki.

Kwamba kompyuta inaweza kuchora koliflawa lilijulikana zamani. Lakini kuchora si kujua. Kwa nini mmea wenyewe unafanya hivyo? Jibu la kueleweka lilitoka mwaka 2021 tu, mwezi wa 7, kwenye jarida la Science, kutoka kwa watafiti wa Ufaransa wakiwamo François Parcy na Christophe Godin. Walitumia kigugu kimoja kidogo cha ukoo wa kabichi ambacho maabara zote duniani hukipenda, wakabadilisha vinasaba vyake, na wakati huo huo wakajenga koliflawa ndani ya kompyuta kwa kanuni, kuona kama ile ya kwenye kioo na ile ya kwenye chungu zitafanana.

Walichokuta kinanigusa kila nikikisoma. Koliflawa ni ua ambalo halikufika. Kila kichomozo kinaanza safari ya kuwa ua, kinapokea agizo, kisha agizo linakatika njiani. Kikishindwa kuwa ua, kinarudi kuwa shina. Lakini si shina la kawaida, kwa sababu kimebaki na kumbukumbu ya kuwahi kuanza kuwa ua, kwa hiyo kinaweza kutoa vichomozo vipya pale pale bila kusubiri majani. Navyo vinaanza, vinashindwa, vinatoa vingine. Ule uvimbe mweupe tunaoula ni maelfu ya maua yaliyojaribu. Romanesco inatofautiana kwa jambo moja: vichomozo vyake vinazidi kutoka kwa kasi kadiri muda unavyokwenda, badala ya kwenda mwendo mmoja, na ndiyo sababu pia zake zimechongoka.

Wakulima walioanza kuchagua mbegu za koliflawa karne nyingi zilizopita hawakujua habari za vinasaba. Waliona kabichi lililovimba kichwani, wakapenda, wakatunza mbegu.

SEHEMU YA 5

Fupi hii, ni kwa ajili ya wasusi.

Mmarekani mmoja, Ron Eglash, aliangalia picha zilizopigwa kutoka angani za vijiji vya Afrika. Kwenye kijiji cha Waila kusini mwa Zambia aliona duara kubwa la makazi, ambalo limeundwa na maduara madogo ya kila familia, na ndani ya kila moja maduara madogo zaidi. Akazunguka nchi mbalimbali za Afrika akiuliza watu, na mwaka 1999 akatoa kitabu juu ya fraktali za Kiafrika. Jambo moja alilolitilia mkazo ni nywele. Msusi anaanza na pindo moja dogo mbele. Pindo linalofuata ni lile lile, ila limekuzwa kidogo, limegeuzwa kidogo, limesogezwa nyuma kidogo. Na linalofuata hivyo hivyo. Eglash na wenzake wakatengeneza programu ya kompyuta ya kufundishia hesabu shuleni, ambapo mtoto anachagua pindo la kwanza, kisha anaiambia mashine ikuze kiasi gani, igeuze nyuzi ngapi, isogeze wapi, na msuko unatokea kwenye kioo.

Sisemi bibi zetu walikuwa na kompyuta, na Eglash mwenyewe anaeleza kwamba si kila kitu cha Kiafrika ni fraktali. Nasema hivi: binti yako akikaa katikati ya magoti yako kusukwa twende kilioni, mhesabie mapindo kwa sauti. Mwonyeshe linavyoanza dogo. Hilo ni somo la hesabu, na halina ada.

SEHEMU YA 6

Sasa kazini kwangu.

Mama akishajifungua, na kondo la nyuma likatoka, sisi hatulitupi tu. Tunalikagua. Upande uliokuwa umeshikana na mama tunahesabu vipande, kuona kama vyote vimetoka, maana kipande kikibaki ndani mama anaweza kutokwa damu nyingi. Kisha tunaligeuza. Upande wa mtoto unang'aa, na kutoka pale kitovu kilipoungana, mishipa imesambaa kama mti. Shina, matawi, vitawi. Inayoonekana kwa macho ni mwanzo tu, ndani inaendelea kugawanyika mpaka vinyuzi ambavyo darubini ndiyo inaviona, vimezama kwenye damu ya mama vikichukua hewa na chakula. Ukivikunjua vyote, eneo lake linazidi mita za mraba 10. Yaani chumba kizima, kimekunjwa kwenye kitu unachoweza kukishika kwa viganja viwili.

Hapo ndipo sababu ya kugawanyika inapoonekana. Mmea unataka mwanga mwingi kwa jani jepesi. Mtoto tumboni anataka damu nyingi igusane naye ndani ya nafasi ndogo. Ukihitaji eneo kubwa mahali padogo, njia iliyo rahisi kuliko zote ni tawi litoe matawi, nayo yatoe matawi.

Mapafu ni hivyo hivyo. Mwaka 1963 Ewald Weibel, daktari wa Uswisi, alitoa vipimo vyake vya mapafu ya binadamu: njia ya hewa inagawanyika mara mbili mbili, kiasi cha ngazi 23 kutoka kooni hadi mwisho, na mwisho kuna vifuko vya hewa kama milioni 300. Mandelbrot alipoanza kuandika kuhusu fraktali, mapafu yalikuwa miongoni mwa mifano yake. Siku hizi wahandisi huotesha mapafu ndani ya kompyuta kwa kanuni zinazofanana na za Lindenmayer, wakitaka kujua vumbi au dawa ya kuvuta itakwenda kutua wapi.

Mama mmoja alikuja kliniki na binti yake wa miaka 5, na mdogo wake mchanga mgongoni. "Shikamoo nesi." "Marahaba mama, karibu." Mkubwa alikuwa hali mboga kabisa, mchanga anakohoa. Nikampa yule binti jani la mlonge achambue, nikamwambia akihesabu ngazi zote anipe jibu. Akakaa chini akanyamaza. Nikamuuliza mama anapikia wapi. "Ndani, nesi, kuni, na huyu namweka mgongoni kwa sababu akilala chini analia."

Mama zangu, mtoto hazaliwi na mapafu yaliyokamilika. Matawi makubwa ya njia ya hewa yapo tayari siku anazaliwa, lakini vifuko vya mwisho anaendelea kuviongeza miaka ya mwanzo ya maisha yake. Mti bado unaota. Na anauotesha akiwa mgongoni kwako, juu ya moshi wa kuni za miombo. Ndiyo maana tunawasumbua: pika nje au penye upenyo mkubwa, kausha kuni vizuri, na wakati jiko linafuka mtoto ashikwe na mtu mwingine mbali na moshi, hata kama ni bibi aliyekaa mlangoni. Sijasema mnunue jiko la gesi kesho, najua bei.

Na kwa mjamzito: ule mti wa kondo unajengwa kwa damu yako. Usiruke kliniki, meza vidonge vya kuongeza damu unavyopewa, kula mboga za majani kila siku. Kamulia ndimu au limau juu yake (lile lile lililokuwa kwenye bustani za Unyanyembe), maana linasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Chai iache mpaka baadaye, inayazuia. Majani ya mlonge kama mboga ni chakula, ila mizizi na magome yake mjamzito asiyaguse, hata kama jirani anasema ni dawa. Kisamvu kitwangwe na kiive kabisa.

Yule binti alipomaliza kuhesabu akasema ngazi ni 3, na akauliza kama vile vijani vinaliwa. Akatafuna kimoja. Akakunja uso. Mama akacheka mpaka mchanga akaamka. Sitawadanganya kwamba alikula sahani nzima.

SEHEMU YA 7

Wengi mtasema hatuna kompyuta nyumbani. Kanuni za Lindenmayer hazihitaji kompyuta, zinahitaji maharage na choroko. (Mwenye mtoto chini ya miaka 3, mkae naye mbali. Punje huingia puani na masikioni, na nimeshazitoa nyingi.)

Haragwe ni chembe kubwa, choroko ni chembe ndogo. Kanuni ni zile mbili: kwenye safu inayofuata, kila haragwe linaandikwa haragwe na choroko, kila choroko inageuka haragwe. Anza juu ya meza na choroko 1. Safu ya pili, imekuwa haragwe 1. Safu ya tatu, haragwe na choroko. Safu ya nne, haragwe, choroko, haragwe. Fuata kutoka kushoto kwenda kulia, usiruke punje hata moja. Safu ya tano itakuwa na punje 5, ya sita 8, ya saba 13, kati yake maharage 8 na choroko 5.

Msomaji mwenye hesabu ameshazitambua namba hizi: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia. Ulaya zilipata umaarufu kwa kitabu cha mwaka 1202 cha Leonardo wa Pisa, tunayemwita Fibonacci, ambaye alijifunza namba za Kihindi na Kiarabu akiwa kijana huko Bugia, Algeria, baba yake alikokuwa akifanya kazi na wafanyabiashara. Huko India wataalamu wa mashairi walizijua kabla yake.

Ukimaliza na punje, chukua nanasi. Tafuta macho yake yanavyopanda kwa mshazari, tia kalamu alama kwenye mstari mmoja ili usipotee, uhesabu mistari inayoelekea kulia, kisha inayoelekea kushoto. Mara nyingi utapata 8 upande mmoja na 13 upande mwingine. Kwenye alizeti, hizi zinazolimwa kwetu na Singida, kichwa kikubwa mara nyingi kina mizunguko 34 na 55, ambazo ni safu ya 9 na ya 10 ya maharage yako. Mwaka 1979 Helmut Vogel alionyesha kwamba kompyuta inaweza kuchora kichwa cha alizeti kwa agizo moja: kila mbegu mpya igeuke nyuzi 137.5 kutoka kwa iliyotangulia, na isogee nje kidogo. Mizunguko inajitokeza yenyewe, hakuna aliyeichora.

Safu ya nane ya maharage ina punje 21. Nimewaachia muipange na watoto, mniambie maharage ni mangapi na choroko ni ngapi. Mkimaliza, zioshwe zipikwe, maharage kwanza maana yanachelewa kuiva.